Kupanda treni za umeme Mumbai ukitokea Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaopeleka mgonjwa Mumbai, teksi kila siku zitakumalizia hela ya korosho, jifunzeni treni za mjini. Zinatumia umeme tangu 1925 na nauli yake ni ndogo sana.

Kama mnaenda Tata Memorial, hospitali ya kansa, shukeni stesheni ya Parel, laini ya Central. Kata tiketi kwanza, kisha angalia bodi ya platform, ukiona S inasimama kila stesheni, F inaruka nyingi, so mgeni panda S tu usije ukapitilizwa. Asubuhi usiende upande wa kusini na jioni usirudi kaskazini kama unaweza kusubiri, maana ndo watu wanaenda na kutoka kazini na mgonjwa ataumia kwa kubanwa. Nendeni saa sita hivi mchana.

Treni inasimama sekunde chache tu na milango mingi haifungwi, kwa hiyo sogeeni mlangoni stesheni moja kabla, na usisimame pale ikiwa inatembea, watu wanaanguka kweli.

Mama zetu wana mabehewa yao, na wagonjwa wa kansa wana sehemu yao pamoja na walemavu, ulizeni!