Somo: Jinsi ya kuanza sensa ya ndege na kikundi chenu, hatua kwa hatua

Wadau salaam. Wengi mmeuliza kikundi kinawezaje kuhesabu ndege wa mtaani kwao bila mtaalam, haya leo twende nayo. Kitu kimoja kiwaingie kabla ya yote, hatuendi kusaka ndege adimu. Tunahesabu wale wale wa kila siku, shomoro, njiwa, mbayuwayu, kunguru, pale pale, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2019 ulitoka utafiti kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, na pigo kubwa limewapata hao hao wa kawaida, kina shomoro. Ilijulikana kwa sababu kuna watu wa kujitolea walikuwa wanawahesabu kila mwaka, wangekuwa wanaandika maajabu tu asingejua mtu.

Hatua ya 1: Vituo
Chagueni vituo vitano sita, vipishane angalau mita 200 ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Msichague penye miti mizuri tu, wekeni na kando ya barabara na kwenye majengo. Mkishachagua msihame.

Hatua ya 2: Vifaa
Darubini moja kwa watu wawili watatu inatosha. Ile ya 8x42 ni nzuri kwa anayeanza, 8 ndo mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita. Msikimbilie 12, mkono ukitetemeka kidogo tu picha yote inacheza. Daftari na penseli.

Hatua ya 3: Muda
Asubuhi, masaa mawili matatu ya kwanza baada ya jua kutoka, ndo wanaimba na kuhangaika zaidi. Mvua au upepo mkali, ahirisheni.

Hatua ya 4: Kuhesabu
Hapa ndo penyewe. Mkifika kituoni tulieni kama dakika mbili ndege wawazoee, alafu washeni saa, dakika 10 kamili, sio 10 hapa na 25 pale kwa sababu pamenoga, maana mkifanya hivo vituo havilinganishiki tena. Mmoja anaandika, wengine wanaangalia na kusikiliza. Ukiona njiwa 3 kwenye mti, baadae 5, baadae 4, andika 5, ile idadi kubwa uliyoona kwa mpigo. Kundi likiwa kubwa hesabu 10 kwanza, ona wamechukua nafasi kiasi gani, kisha endelea kwa makumi. Usiyemjua andika "hajulikani" na rangi, mdomo na mkia wake, usibahatishe jina. Na kituo kikitoka bila ndege andikeni sifuri jamani, sifuri ni data kabisa!

Hatua ya 5: Kutuma
Ingizeni hesabu zenu kwenye eBird, tovuti ya kukusanya kumbukumbu za ndege, ipo tangu 2002, ni bure na inapokea nchi yoyote. Itawauliza kama mmeandika ndege wote mliowatambua, hakikisheni jibu ni ndiyo. Daftari msitupe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, macho yangu hayaoni mbali, nitafaa kweli?
Jibu: Unafaa sana ndugu yangu, kwenye miti mingi wengi wanasikika tu bila kuonekana. Jifunze sauti chache za mtaani kwenu kwanza. Programu ya Merlin inasaidia kutambua ila inakosea pia, kwa hiyo jina ililotoa msikilize tena mwenyewe ndo uandike.

Swali: Tukipata kiota tupige picha tuweke kwenye grupu na ramani?
Jibu: Hapana. Msisogelee, mzazi akikimbia mayai yanapoa na kunguru anaona njia. Mahali pa kiota pabaki kwa viongozi wa kikundi tu, hasa cha tai au bundi.

Swali: Nimekuta kinda chini, nimpeleke nyumbani?
Jibu: Kama ana manyoya na anarukaruka muache, wazazi wako karibu wanamlisha, wewe zuia paka na mbwa tu. Kama yuko uchi na kiota unakifikia, mrudishe taratibu. Ile habari kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mtu sio kweli. Akiwa na damu au bawa limevunjika muweke kwenye boksi lenye matundu, pawe na giza na kimya, usimpe maji mdomoni, na utafute daktari wa mifugo haraka.