Chumvi Kwanza, Injini Baadaye: Kufufua Peugeot 504 Malindi

Siku gari lilipofika uani petu likivutwa kwa kamba, baada ya kulala miaka kumi na mmoja chini ya mwarobaini kule Barani, kila jirani alitaka jambo moja tu: tulipige stata tulisikie. Mimi nikaenda kuchukua mpira wa maji.

Mimi ni mwalimu wa kemia, si fundi. Gari ni Peugeot 504 steshen wageni, injini ya petroli ya cc 1971, gia kwenye usukani. Lilikuwa la mjomba wangu. Ndilo alilobebea abiria kati ya Malindi na Mombasa, kilomita kama 120, tangu enzi za kungoja feri Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Aliponipa logibuku aliniambia, “Mwanangu, injini hii haifi. Kinachokula Pijo huku kwetu ni hewa.” Imenichukua miaka mitatu ya Jumamosi kuelewa kwamba maneno hayo ndiyo kitabu chote cha ufundi. Nayaandika hapa kwa anayetaka kuanza, hasa aliye karibu na bahari kama mimi.

Kabla hujatoa pesa

Kama wanunua, nenda na vitu vitatu: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, bisibisi kuukuu na tochi. Boneti iache kwanza. Piga magoti. Pitisha sumaku kwenye mbavu zilizo chini ya milango, ukingo wa chini wa kila mlango, pembe za kioo cha mbele, na juu ya madgadi karibu na taa. Sumaku ikiteleza bila kushika, ujue hapo chini ya rangi hapana bati, pana pati, ule ujiuji mgumu wa kuzibia matundu. Halafu inua mazulia, uchomechome sakafu kwa bisibisi. Muuzaji akikukataza, mshukuru uende zako.

Niliwahi kupelekwa kuona 504 pikapu iliyofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni. Rangi mpya, viti vipya, injini inaunguruma vizuri kabisa. Nikabonyeza sakafu ya upande wa dereva kwa kidole gumba, kikapita. Injini nzima ndani ya bodi iliyooza hiyo ni spea. Inunue kwa bei ya spea.

Linganisha pia namba ya chasi na ya injini na zile za kwenye logibuku. Ikiwa mwenye jina amefariki, mirathi imalizwe kwanza, kwa Kadhi au mahakamani, ndipo ulipe. Nimeona gari zuri likiozea uani kwa sababu ndugu watano hawajakubaliana.

Chumvi

Kusi ikianza kuvuma, mawimbi yanapasuka na upepo unabeba matone ya maji ya bahari hadi mitaani. Maji hukauka, chumvi hubaki. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo bati lako linalala na maji usiku kucha hata kama mvua haikunyesha. Na maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji matupu, jambo linaloharakisha kutu. Wanafunzi wangu nawaonyesha kwa misumari miwili, mmoja kwenye maji ya mvua, mwingine kwenye maji ya bahari. Wiki moja yatosha.

Basi kazi ya kwanza ni kuosha. Si juu, chini. Lala chali na mpira wa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, uingie ndani ya madgadi, nyuma ya tairi, kila pembe inayoshika tope. Chini ya milango na mbavu kuna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa waya. Vya gari langu vilikuwa vimezibwa kwa rangi na mtu aliyetaka lipendeze, na mlango wa nyuma ulikuwa umebeba maji kama kata. Mpaka leo naosha uvungu kila wiki, na siku yoyote niliyopita ufukweni.

Kutu yenyewe usiipake rangi juu. Ikwangue kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae, pitisha asidi ya fosfori ile ya kuondolea kutu (vaa glavu na miwani), suuza, kausha kabisa, kisha paka praima, rangi ya msingi. Na hapa Malindi kazi hii ina saa zake. Naanza jua likishapanda na umande umekauka, na bati lililo uchi lazima liwe limepata praima kabla ya alasiri. Ukiliacha hadi kesho, utalikuta limeshapiga wekundu na utarudia yote. Ndiyo maana sikwangui gari zima kwa pamoja. Nachukua kipande ninachoweza kukimaliza siku hiyohiyo, mlango mmoja, au nusu ya sakafu.

Penye tundu, kata mpaka ufike bati zima, kisha fundi wa bodi achomelee kipande kipya. Kabla hajawasha moto toa betri, chomoa nyaya za altaneta, ondoa mazulia, na kama ni karibu na tangi la petroli, tangi lishuke. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

Ndani ya mbavu rangi haifiki. Mjomba alikuwa na dawa yake: sifa, mafuta yaleyale ya samaki yanayopakwa majahazi. Aliyamimina ndani ya mbavu kupitia vitundu, na abiria wakalalamikia harufu wiki nzima. Nilipokata ubavu wa kulia nikakuta bati la ndani jeupe, miaka yote hiyo. Mimi hunyunyiza nta ya kopo ya kuzuia kutu, lakini sifa siidharau hata kidogo.

Waya, kabla ya kununua chochote cha umeme

Nilinunua koili mpya, kisha nikabadilisha stata, na bado gari lilikuwa likigeuza injini kwa unyonge kama mgonjwa. Tatizo lilikuwa waya mmoja mnene wa arthi unaounganisha injini na bodi. Kwa nje mzima, chini ya boliti kuna unga wa kijani. Fungua kila arthi: betri kwa bodi, injini kwa bodi, taa za mbele, taa za nyuma. Zisugue kwa msasa, zikaze, zipake mafuta ya mgando hewa isiingie. Asubuhi moja, pesa za msasa tu, na nusu ya maradhi ya umeme yanakwisha.

Kuamsha injini

Injini iliyolala usiigeuze kwa stata. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kila silinda, iache hadi kesho yake, kisha izungushe kwa mkono, taratibu, kwa spana kwenye nati ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikigoma usilazimishe; ongeza oili, subiri tena. Yangu ililegea siku ya tatu. Mwaga oili kuukuu na petroli kuukuu, safisha tangi na kabureta, badilisha mipira yote ya petroli. Pointi za distributa zisafishe na upime nafasi yake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, 0.4 mm.

Sasa jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri waliozoea magari ya Japani. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, sawa na injini nyingi, lakini Peugeot huhesabu silinda namba moja kutoka upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, si upande wa feni. Kijana aliyenisaidia alipanga nyaya akianzia mbele. Tukapiga stata, injini ikakohoa moto kupitia kabureta na haikuwaka. Mjomba, aliyekuwa ameketi barazani, akasema bila kuinuka, “Mwanangu, geuza nyaya. Kila mmoja uende kwa anayemkabili.” Tukazigeuza. Ikawaka mara ya pili.

Maji ya rejeta

Hapa ndipo Pijo nyingi za Pwani zinapofia, na hapa ndipo nilipokosea vibaya.

Bloku ya injini hii ni chuma, hedi, yaani kichwa kinachoifunika juu, ni aluminiamu. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji yenye chumvi, umeme mdogo unapita, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Maji ya visima vingi vya Malindi yana chumvi; dereva aliyejazia rejeta kwa maji ya kisima kwa miaka kumi ameila hedi yake kidogo kidogo bila kujua. Nilipofungua hedi ya gari hili, kingo za njia za maji zilikuwa zimemomonyoka kama mwamba wa matumbawe.

Tia kulanti ya aina inayofaa aluminiamu, ichanganye na maji ya betri yale safi, nusu kwa nusu, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Angalia sana dukani: maji ya betri, si asidi ya betri. Kabla ya kujaza, pitisha maji safi kupitia rejeta na bloku, mara nyingi, mpaka yatoke hayana wekundu. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa.

Ikibidi kutoa hedi, sikiliza hili kwa makini. Silinda za injini hii ni slivu zilizopachikwa ndani ya bloku, maji yanazizunguka, na chini yake kuna sili nyembamba. Kinachozikaza ni hedi. Hedi ikitoka, slivu ziko huru. Mimi nilitoa hedi kisha nikazungusha krenki ili nione pistoni za pembeni vizuri. Slivu mbili zikanyanyuka na pistoni, sili zikahama. Sikujua. Nikafunga kila kitu kwa uangalifu, nikawasha, na baada ya siku mbili kijiti cha oili kilitoka na rangi ya chai ya maziwa: maji yameshuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ikabidi injini ishuke yote. Basi ukitoa hedi, krenki isiguswe, au ukate vipande vya bomba, utafute na washa pana (zile pete za bati za boliti), uzifunge slivu kwa boliti kabla ya lolote. Hedi ipeleke kwenye mashine ikapimwe kama imepinda. Ukirudisha, gasketi iwe mpya, na ukaze kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, usikubali itolewe. Utaambiwa Pwani ni joto, haihitajiki. Injini isiyofikia joto lake hunywa petroli na kula slivu. Kama inachemka, tafuta kinachoichemsha. Mara nyingi ni feni. Feni ya gari hili haizunguki muda wote. Kuna sumaku ya umeme inayoishika maji yakipata moto, na umeme unafika huko kupitia kaboni ndogo. Kaboni ikiisha, feni huzubaa, na hutajua ukiwa mwendoni kwa sababu upepo unapoza. Utajua kwenye foleni. Iangalie kaboni kwanza, kisha swichi ya joto, kisha arthi.

Breki nitazisema kwa ufupi kwa sababu hakuna la kujadili: mipira mipya yote, oili ya breki mpya kwa vile ya zamani imeshanyonya maji, na kabla ya safari ya kwanza fundi mwenye uzoefu akague kila ulichofunga. Gari lisilowaka halijamuua mtu.

Spea

504 zilikuwa nyingi sana Kenya, za teksi, za shamba, za serikali, na heshima yake iliongezeka Ove Andersson aliposhinda nayo Safari Rally mwaka 1975. Mjomba huitaja siku hiyo kama harusi yake. Kwa hiyo spea bado zipo, ila zatakiwa kutafutwa. Usipige simu kuuliza “gasketi ya Pijo”. Beba kipande kuukuu mkononi, au kipige picha pamoja na rula na namba iliyochapwa juu yake. Mimi nimepata vitu Mombasa, vingine Nairobi katika Barabara ya Kirinyaga, na vizuri zaidi nimevitoa kwenye pikapu zilizokufa mashambani huku Ganda. Steshen wageni ina spiringi nne nyuma, hivyo za 504 ya saluni, gari dogo la kawaida, usizichukue. Vifaa vya mpira usinunue kuukuu hata vikiwa bure.

Kila ninachogusa nakiandika katika daftari: tarehe, kilomita, nilichofungua, saizi ya spana. Boliti za kila sehemu nazitia katika kopo lake lenye jina.

Ijumaa moja baada ya sala nilimpeleka mjomba Mambrui. Tulipovuka daraja la Sabaki alinyamaza, mkono uko nje ya dirisha, anasikiliza. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia. Tulipokuwa tukirudi gia ya tatu iliruka mara mbili. Bushi ya mkono wa gia imelika, nimeiandika katika daftari, nitaishughulikia Jumamosi. Tulipofika uani jua lilikuwa linatua. Mjomba alishuka, akaegemea boneti kidogo, akauliza mpira wa maji uko wapi.