Namna ya kuwaeleza wazazi wenzako muvi uliyoitazama

"Muvi kali, watoto watafurahi." Ujumbe kama huu huingia kwenye magrupu ya wazazi wikendi ikikaribia, na mwenye mtoto wa miaka 4 akiufuata anaweza kujikuta saa nane usiku akimbembeleza mtoto anayekataa kulala peke yake. Aliyeuandika hakudanganya. Mwanawe ana miaka 11, na kwa umri huo muvi ilikuwa kali kweli. Maoni ya mzazi humfaa mzazi mwingine pale yanapotaja kilichomo, kiko dakika ya ngapi, na mtoto wa umri gani alikuwa mbele ya skrini. Mambo hayo ukiyategemea kichwani hadi kesho yake, nusu yatakuwa yamepotea. Kwa hiyo kaa na karatasi na kalamu.

Alama ya umri, na inapoishia

Anza na alama ya umri, lakini jua kwanza ni ya nchi gani. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya hutumia GE kwa muvi ya watu wote, kisha PG, 16 na 18. Wamarekani wana G, PG, PG-13, R na NC-17, kuanzia ya watu wote hadi ya watu wazima. Waingereza wana U, PG, 12A, 12, 15 na 18. Muvi ya kigeni uliyowekewa kwenye flashi dukani, kama ina alama yoyote, mara nyingi ni ya Marekani.

Kosa linalorudiwa sana ni kuisoma PG kama ruhusa. PG inamtaka mzazi awepo na aamue mwenyewe. Katuni nyingi za miaka hii ni PG, wala si G, na wengi hawalitambui hilo kwa sababu wameshaamini kwamba katuni ni ya watoto kwa kuwa imechorwa. Ziko katuni zilizotengenezwa kwa watu wazima watupu, zenye matusi na ngono, na picha ya jaladani inavutia watoto vilevile. Usiseme "ni katuni" kama kwamba umemaliza maelezo.

Baada ya alama, fungua ukurasa wa muvi hiyo kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, ushuke hadi mwongozo wa wazazi. Humo watazamaji wameorodhesha mambo katika mafungu matano: ngono na uchi, ukatili na damu, matusi, pombe na dawa za kulevya pamoja na sigara, na mwisho matukio ya kutisha. Common Sense Media, tovuti ya maoni kwa wazazi, nao hupendekeza umri wa kuanzia. Kusoma kote ni dakika tano. Trela usiitegemee: imetengenezwa kuuza, nayo huonyesha vichekesho na kuficha huzuni.

Kama muvi imetafsiriwa na DJ, yaani msimulizi anayeweka maneno yake ya Kiswahili juu ya picha, hapo una kazi mbili ndani ya moja. Picha ni za wenyewe, maneno ni ya DJ. Anaweza kuongeza utani wa mtaani, mafumbo ya mapenzi, hata matusi ambayo steringi hakuyatamka. Alama ya umri haikupima maneno hayo hata kidogo. Upande mwingine, tafsiri nzuri humwezesha mtoto asiyejua Kiingereza, na bibi aliyekaa naye, kufuata kisa chote, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Muhimu ni kusema: umetazama ya asili, au ya DJ, na DJ gani. Mwenzako asije akaipata nyingine akakulaumu.

Kuitazama mwenyewe

Ukiweza, itazame yote kabla ya watoto. Ukikosa nafasi, tazama dakika 15 za mwanzo, kisha ruka hadi robo tatu ya muvi utazame dakika 15, halafu dakika 10 za mwisho. Sehemu hizi zina sababu yake. Muvi za watoto hupenda kuanza na msiba, ili mhusika aachwe peke yake na safari ianze. Kwenye robo tatu hufika mahali ambapo mhusika amepoteza kila kitu, na hapo giza, radi na muziki mzito hukutana. Katika Finding Nemo ya mwaka 2003, mzia anamshambulia mama na mayai, na linabaki yai moja tu, kabla ya dakika tano kwisha. Mzazi aliyekwenda jikoni kukaanga bisi amerudi mambo yameshatokea, naye hajui mtoto amenyamaza kwa nini.

Lakini ukaguzi huo una tundu. The Lion King ya 1994 ina dakika 88, na Mufasa, baba wa mhusika mkuu Simba, anakufa kabla haijafika nusu. Sehemu ya mwanzo hutamwona akifa, na robo tatu utakuta yameshapita. Ndiyo maana uliyekagua vipande useme wazi "nimeonja tu".

Usisogeze mbele kwa kasi huku sauti imezimwa. Kwa mtoto mdogo sauti hutisha kama picha, na pengine kuizidi: pumzi nzito gizani, mlango unaolia, kimya kinachotangulia mshtuko.

Karatasi igawe safu nne: dakika, kilichoonekana, kilichosikika, na swali ambalo mtoto atauliza. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. Pale Simba anapojaribu kumwamsha baba yake, usiandike "huzuni". Andika "Kwa nini haamki?" Mzazi akilisoma swali hilo mapema anapata muda wa kufikiri jibu, nalo halimkuti mdomo wazi.

Nani anaogopa nini

Hapa ndipo maoni mengi hupotoka, kwa kuwa mtu mzima huhesabu damu, na mtoto hahesabu damu.

Mtoto wa miaka 3 hadi 6 huogopa sura, sauti na mambo ya ghafla. Jitu la kijani lenye moyo mwema litamtisha kuliko mtu mbaya aliyevaa suti na kutabasamu. Mtu akigeuka kuwa mnyama mbele ya macho yake, anahangaika kweli, kwani bado hajashika sawasawa mpaka kati ya kinachowezekana na kisichowezekana. Kumwambia "ni uongo tu" hakumtulizi. Simamisha muvi, washa taa, mpakate, mpe maji. Mwili wake ukitulia, maneno yatafuata.

Kuanzia miaka 8 hivi mambo hugeuka. Jitu linamchekesha. Sasa anaogopa yanayoweza kumfika: nyumba kuungua, wezi usiku, mtoto kuibwa, mzazi kufa. Huyu maneno yanamsaidia, mradi yawe ya kweli na yenye hatua: mlango wetu unafungwa hivi, moto ukitokea tunatokea huku.

Chukua Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, kisa cha Phiona Mutesi na mchezo wa sataranji mjini Kampala. Alama yake Marekani ni PG na ina dakika 124. Haina zimwi wala bunduki za kusisimua, na mtoto wa miaka 5 atachoka tu asiogope. Wa miaka 9, hasa anayeishi mtaa unaofanana na ule, atakumbuka kaka aliyegongwa na pikipiki na maji yaliyoingia nyumbani usiku. Tena kuna dada mkubwa anayeondoka na mwanamume, nalo ni jambo la kuzungumza na binti wa miaka 12, si la kusogeza mbele kwa rimoti. Muvi ni nzuri sana. Ila uzuri wake unaanza kuonekana kwenye miaka 8 au 9.

Kuandika ujumbe wenyewe

Anza na jina, nchi, mwaka na urefu, kwani ziko muvi nyingi za jina moja. Fuata na lugha. Kisha kisa kwa sentensi mbili, mambo mazito yaliyomo, swali la mtoto, na mwisho umri unaoupendekeza pamoja na umri wa watoto uliotazama nao. Mfano:

"Supa Modo, Kenya, 2018, dakika 74. Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza. Jo ana miaka 9, ana ugonjwa usiopona, anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinashirikiana kumtimizia ndoto. Uzito wake ni huzuni, si mapigano. Swali litakalokuja: hata watoto hufa? Miaka 9 na kuendelea, mzazi akiwa kando yake. Aliyefiwa karibuni aitazame mwenyewe kwanza."

Sentensi ile ya mwisho isikosekane kamwe pale muvi ina kifo cha mzazi au mtoto. Wengine watalalamika kwamba umewaharibia utamu. Wavumilie. Katika grupu la wazazi 40 huenda yumo aliyezika mwezi uliopita, na watoto wake wasikutane na jeneza kwenye skrini bila mtu kujiandaa. Mengine ya mwisho wa kisa yaweke chini kabisa, baada ya nafasi tupu na onyo, asiyetaka asishuke.

Usiandike "haina shida". Andika ulichokiona na usichokiona: "hakuna uchi, hakuna matusi kwa Kiswahili, pombe ipo dakika ya 40". Kila nyumba ina mipaka yake.

Taja pia ulivyoipata, maana nakala mbovu huwaliza watu. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika 4GB, hivyo muvi nzito haitanakiliwa. Picha ikionekana bila sauti, mara nyingi ni sauti ya aina ya DTS ambayo televisheni haiijui. Tafuta nakala nyingine. Maandishi ya chini hutokea yenyewe kama faili lake limeitwa jina lilelile la muvi, na kwenye programu ya VLC unayawahisha au kuyachelewesha kwa vitufe G na H. Kwa Netflix, saa moja ya picha ya kawaida hula hadi 1GB, na ya HD hadi 3GB.

Kwa wenye watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Muvi ya dakika 95 basi ni ya siku mbili. Waonyeshe pa kukatia: mahali ambapo mhusika ameshafika salama, amekula au amelala. Ukikatia kwenye hatari, mtoto anakwenda nayo kitandani.

Kisha subiri siku mbili au tatu. Hofu ya mtoto haionekani palepale mbele ya skrini kila mara. Hujitokeza anapokataa kwenda chooni peke yake, au anapochora kitu kilekile mara nne. Ukiona hivyo, rudi kwenye ujumbe wako uongeze mstari mmoja wenye tarehe.