Kutoka lisansi ya Lubumbashi hadi mwaka wa onazi Afrika Kusini: namna ya kuandaa maombi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyemaliza lisansi ya miaka 3 katika uchumi, fedha au uongozi wa biashara, na anayetaka kuendelea na masomo Afrika Kusini. Huko shahada ya kwanza ya biashara iko ngazi ya 7 ya mfumo wa taifa wa vyeti, onazi (honours, mwaka mmoja unaofuata shahada hiyo) ngazi ya 8 na masta ngazi ya 9. Kwa hiyo mwenye lisansi hupitia kwanza mwaka mmoja wa onazi, ingawa kwetu Kongo masta ndiyo hufuata moja kwa moja.

Hatua ya kwanza ni kuchagua fani, na hapa ndipo maombi mengi ninayosaidia kuyaandaa hukwama. Idara haitosheki na diploma. Inachunguza masomo ya mwaka wa 3 ya fani ile ile unayoiomba. Anayeomba uchumi ataangaliwa mikroekonomia, makroekonomia na ekonometria, hata kama aling'ara katika masoko. Uhasibu una mlango mwembamba zaidi: Kongo iliingia OHADA (jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara) mwaka 2012 na wahasibu wetu hufuata SYSCOHADA, mfumo wake wa uhasibu, ilhali wenzetu wa Afrika Kusini hufundishwa kwa kanuni za kimataifa za IFRS na kwa sheria za kodi za nchi yao. Kwa maoni yangu, mhasibu wa hapa aombe fedha au uongozi, la sivyo awe tayari kusoma kwanza masomo ya kuziba pengo.

Pili, pima alama zako. Idara nyingi hutaka wastani wa 60% au zaidi katika masomo makuu ya mwaka wa mwisho. Usizigeuze mwenyewe kuwa asilimia alama zako zinazotolewa kwa kiwango cha 0 hadi 20, kwa kuwa chuo kina jedwali lake. Wala usishtuke kuona shahada yao ina krediti 360 na lisansi ya LMD (mfumo wetu wa lisansi, masta na doktora) 180: miaka ni ile ile 3, ila kipimo cha krediti ni tofauti, kwani wao huhesabu krediti 1 kwa saa 10 za kazi.

Tatu, nenda aparitora (ofisi ya chuo inayotunza kumbukumbu za wanafunzi) ukaombe releve, yaani karatasi za alama, za miaka yote pamoja na maelezo ya kila kozi yenye muhuri. Karatasi inayosema tu «Ekonometria, saa 60» haimsaidii msomaji wa mbali. Iandikwe kwamba mlisoma regresheni ya vigezo vingi na majaribio ya dhana, kwa programu gani, na mazoezi yalichukua saa ngapi. Mpe mtafsiri wa kiapo nakala zote, kisha upeleke vyeti SAQA, mamlaka ya vyeti ya Afrika Kusini, vitathminiwe. Ushahidi wa kujua Kiingereza utafute wakati huo huo.

Nne, andaa wazo la utafiti, kwa sababu kati ya krediti 120 za onazi, zisizopungua 30 ni za utafiti unaosimamiwa. «Uchumi wa madini ya Katanga» ni mada pana mno. Afadhali uulize jinsi wauzaji wa soko la Mzee Kabila hapa Lubumbashi wanavyopanga bei za faranka pale wakambisti (wabadilishaji fedha) wanapopandisha dola: takwimu utazikusanya kwa miguu yako, na msimamizi ataona mara moja kwamba kazi inakamilika ndani ya mwaka.

Mwaka wa masomo huanza mnamo Februari, na maombi hufungwa mwaka unaotangulia. Kwa hiyo makaratasi ya aparitora yaombwe mara tu matokeo yanapotangazwa.