London hadi Mombasa: hesabu safari mlango kwa mlango

Kwa njia ya angani, London na Mombasa zimeachana karibu kilomita 7,200. Wengi wetu hupitia Nairobi: karibu masaa tisa hewani, kisha kama saa moja nyingine hadi Mombasa. Ongeza masaa matatu ya kuwahi uwanjani, na mengine matatu au zaidi ya kupanga foleni ya pasipoti na kungoja ndege ya pili, pamoja na barabara ya kwenda na kutoka uwanjani. Tangu kufunga mlango London hadi kubisha hodi nyumbani, weka masaa 17 au 18. Ukimwambia mama "safari ni masaa kumi", utamtia wasiwasi bure.

Kinachotuponza zaidi ni saa yenyewe. Kuna mwaka nilimsomea ami yangu tiketi kwa simu kama ilivyoandikwa: "Nafika saa saba na dakika arobaini." Tiketi ilisema 07:40, yaani saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Ami, mtu wa Mji wa Kale, akaswali adhuhuri kwanza ndipo akaja. Alinikuta nimekalia begi, kanzu aliyonipelekea mwaka uliotangulia imelowa jasho. Tangu siku hiyo husema saa ya Kiswahili, nikataja na asubuhi au usiku.

Siku nazo zina mtego. Kwa wazee wetu wengi, usiku wa Jumapili huanza Jumamosi jua likitua. Tiketi hubadilisha tarehe saa sita usiku. Ndege ya kurudi ikiandikwa Jumapili 00:30, uwe uwanjani Nairobi Jumamosi jioni. Waambie watu wa nyumbani "Jumamosi usiku kuamkia Jumapili", hapo hapotei mtu.

Mombasa iko mbele ya London kwa masaa matatu wakati wa baridi na mawili wakati wa joto, kwani Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwetu saa haiguswi.

Unapopimisha mizigo, tazama karatasi wanayoibandika kwenye begi. Ikiwa na MBA mwishoni, begi limeandikiwa Mombasa; ikiwa NBO, litaishia Nairobi. Hata hivyo uliza kama utalazimika kulipitisha forodha Nairobi, na ujiachie angalau masaa matatu kati ya ndege mbili. Usipotaka Nairobi kabisa, Ethiopian hufika Mombasa kupitia Addis Ababa.

Ndege ya pili ikikupita, treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi na Mombasa, huondoka Syokimau, si mbali na uwanja wa Nairobi, na hufika Miritini, Mombasa, kwa masaa matano hadi sita.

Uwanja wa ndege wa Mombasa, yaani wa Moi, uko bara, upande wa Changamwe, kama kilomita kumi kutoka mjini. Wa Likoni na Diani, mwambieni dereva apite barabara ya Dongo Kundu, msivuke kwa feri. Kivuko cha Likoni mtakiona siku nyingine, mkiwa hamna mabegi.