Viatu vya baiskeli: namna ya kuchagua, na kama vya bei kali vina maana kwa sisi wa Tabora

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi baiskeli hapa Tabora mjini na pia ni mwendeshaji, wikiendi utanikuta barabara ya Nzega au ya Urambo na vijana wangu, na tangu baiskeli za gia na za resi zianze kuonekana onekana mtaani kila wiki lazima mtu aniulize viatu anunue vya bei gani. Sasa naweka hapa yote ninayopitia na mteja kuanzia mwanzo mpaka anapanda baiskeli. Jibu langu nalitoa mapema kabisa ili usisome ukiwa na presha: kiatu cha hela nyingi kinawalipa watu wachache sana, ila kiatu kinachokutosha na chenye soli ngumu kinamlipa kila mtu, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 1: Jua unapita wapi na unashuka mara ngapi

Kabla hata hujaangalia kiatu, fikiria njia yako. Huku kwetu lami ipo na ni nzuri, lakini ukikata tu kuingia vijijini ni mchanga, kiangazi tairi linazama unashuka unasukuma, na masika ukikuta mbuga ule udongo mweusi unaganda kila mahali mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mtu anayeshuka hivyo kila baada ya muda hawezi kuvaa kiatu sawa na anayekula lami mpaka Nzega bila kugusa chini.

Kama baiskeli yako ni ya kubeba mzigo, abiria au kwenda kazini na kurudi, kiatu maalum cha baiskeli hukihitaji, na nasema hivi kama mtu anayeuza vifaa vya baiskeli. Chukua raba yenye soli ngumu na bapa, isiyo ya sponji nene kama zile za kukimbilia, halafu weka hela kwenye pedali pana za chuma zenye vimeno. Hata katambuga inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, tairi la gari halikunjiki hovyo na linashika pedali, ila hakikisha gidamu ya nyuma ipo ya kushika kisigino. Malapa hapana jamani, yanachomoka ukiwa kwenye mteremko na mguu unaingia kwenye spoku.

Na hili lina ushahidi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, Asher Straw na Rodger Kram, walipima hewa wanayotumia waendeshaji wakiwa na raba za kawaida kwenye pedali bapa, halafu raba na vile vikapu vya kufunga mguu, halafu viatu vya baiskeli vinavyong'ata pedali. Kwa mwendo wa kawaida nguvu iliyotumika ilikuwa haina tofauti ya maana. Baadaye Kram na mwenzake wakapima watu wanaokimbiza kwa nguvu zote kipande kifupi cha mlima, hapo viatu vya kung'ata vikashinda wazi. Kwa hiyo kama hukati mbuga kwenye mashindano, mguu wako haupotezi kitu kikubwa kwa kuvaa raba.

Hatua ya 2: Hesabu matundu chini ya soli

Ukiamua unataka kiatu chenyewe cha baiskeli, kigeuze. Chini kuna matundu ya kufungia kliti, yaani kile kipande kinachong'ata pedali. Kuna familia kubwa mbili. Ya matundu matatu ni ya barabarani, asili yake ni kampuni ya Look ya Ufaransa iliyotoa pedali hizo mwaka 1984, na mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo, dunia nzima ikahama kutoka kwenye mikanda ya kufunga mguu. Ya matundu mawili ilikuja na Shimano wa Japani mwaka 1990, ndiyo inaitwa SPD, kliti yake ni ndogo ya chuma na imezama ndani ya soli.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaangukia, wanaona picha za wakali wa Ulaya wanaagiza ya matundu matatu. Kliti ile ni ya plastiki na imetokeza nje, unatembea kama bata, na ukisukuma baiskeli kwenye mchanga na changarawe inalika haraka sana halafu inaanza kuachia ovyo. Kwa Tabora mimi namshauri karibu kila mtu achukue matundu mawili. Unatembea kawaida, unaingia dukani, unasukuma, unasalimia wazee njiani bila kuteleza. Anayekimbia mbio za lami tu, huyo achukue matatu.

Na uangalie pedali kabla hujalipa, kiatu cha matundu matatu hakiingii kwenye pedali za SPD, na SPD hazing'ati kliti za Look. Unanunua vyote viwili vinavyoelewana au unaacha.

Hatua ya 3: Pima mguu wako jioni

Jioni, kwa sababu mguu unavimba kidogo mchana kutwa, na kwenye joto letu la Oktoba ndo usiseme. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima uzito wote juu ya mguu, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (sio lazima kiwe dole gumba), pima kwa sentimita. Pima miguu yote miwili na ufuate mkubwa. Pima na upana pale penye mifupa miwili ya pembeni.

Kisha tafuta jedwali la kampuni husika, usiamini namba ya raba yako. Kwa Shimano namba 42 ni mguu wa sentimita 26.5 na namba 43 ni 27.2, kampuni nyingine zina hesabu zake. Upana ndio unatutesa zaidi. Wengi tumekulia peku, vidole vimetanuka, na viatu vingi vya Ulaya vimekatwa vyembamba mbele, mtu anapanda namba mbili ili aingie halafu kisigino kinacheza. Usifanye hivyo, tafuta toleo pana, Shimano wanatoa, na kampuni ya Lake inajulikana kwa hilo.

Ukikivaa: kisigino kisinyanyuke, vidole viweze kuchezacheza, mbele ibaki nafasi ndogo. Kaa nacho robo saa nzima umekifunga. Kama kinabana dukani usidanganywe kwamba kitatanuka, soli ya kiatu hiki haitanuki.

Hatua ya 4: Sasa bei, unalipia nini hasa?

Kwenye soko la nje kiatu cha kuanzia cha kampuni inayojulikana kipo kama dola 100, na vya juu kabisa vinapita dola 400. Ile tofauti inakwenda sehemu tatu.

Kwanza soli. Ya bei ya chini ni nailoni, mara nyingi imechanganywa na nyuzi za kioo, ya bei kali ni kaboni. Kaboni ni ngumu zaidi, hiyo ni kweli. Lakini kutoka raba laini kwenda nailoni ngumu ndiyo hatua kubwa ambayo mguu unaisikia, kwa sababu raba laini inaruhusu pedali ikuchome sehemu moja mpaka unyayo unawaka moto na vidole vinakufa ganzi. Kutoka nailoni kwenda kaboni ni hatua ndogo, na kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo ya mawimbi mawimbi kaboni inakupigia kila mtikisiko mguuni.

Pili uzito. Tofauti ya kiatu cha kuanzia na cha juu mara nyingi haifiki gramu 100 kwa mguu mmoja. Chupa ya maji ya baiskeli ikijaa ni gramu 750, na hapa kwetu unabeba mbili.

Tatu namna ya kufunga. Kile kitufe cha kuzungusha chenye uzi wa waya ni kizuri mno, unakaza na kulegeza ukiwa unaendesha. Lakini uzi ukikatika au vumbi likiingia ndani, spea yake Tabora utaitafuta mpaka uchoke. Mikanda ya kunata ikichoka, fundi viatu yeyote pale sokoni anakushonea mipya jioni hiyo hiyo. Mimi hili kwangu ni kubwa kuliko kaboni.

Kwa hiyo nani alipe? Kijana anayeshindana mbio za lami kwa dhati, anayekaa juu ya baiskeli saa nne au tano na tayari ana tairi nzuri na cheni nzima. Mwingine ambaye ni sahihi kabisa kulipa ni mwenye mguu mgumu kupata saizi, maana baadhi ya viatu vya bei vinaweza kupashwa moto na kufinyangwa vifuate mguu. Wengine wote chukueni cha kuanzia, ile hela iliyobaki nunueni pedali nzuri, soksi nyembamba zinazokauka haraka, na kaptura yenye pedi.

Hatua ya 5: Ukikutana nacho kwenye mtumba

Hii naipenda kwa sababu viatu vizuri kweli vinapita humo, vimechanganyika na njumu za mpira na muuzaji mwenyewe hajui ni vya nini. Ukikiona, fanya hivi taratibu. Shika mbele na nyuma ukikunje, kikikunjika kama raba kiache. Toa soli ya ndani, angalia kama chini kuna ufa karibu na matundu ya kliti. Ingiza skrubu kwenye matundu (mimi natembea na moja mfukoni, ni ya milimita 5), ikizunguka bila kushika basi nyuzi za tundu (ile mikato ya kushika skrubu) zimekufa. Kama kliti ya zamani bado ipo na skrubu zake zimeota kutu na pembe sita zimeviringika, utahitaji kuchimba kwa drili, ondoa hiyo gharama kwenye bei. Mwisho bonyeza kwa kucha mpira wa chini na pembeni ya kisigino, kiatu kilichokaa stoo miaka mingi mpira wake unamong'onyoka kama mkate mkavu, na hicho hakuna gundi itakayokiokoa.

Hatua ya 6: Kufunga kliti, hapa tulia

Juzi dada mmoja kaja na goti linauma, anasema "Kaka, nadhani viatu ni feki." Viatu vilikuwa vizima, kliti ya kulia ilikuwa imepinda kidogo tu kuelekea nje. Goti ndo linalipa kosa la kliti, na kiatu cha dola 400 kikifungwa vibaya kinaumiza sawa na cha bei chee.

Vaa kiatu, papasa mfupa ulionyuma ya dole gumba upande wa ndani, weka alama kwa peni. Papasa na ule wa nyuma ya kidole kidogo upande wa nje, weka alama. Ekseli ya pedali inatakiwa ikae katikati ya alama hizo mbili, na ukiwa na wasiwasi irudishe nyuma kidogo kuelekea kisigino, usiipeleke mbele. Kwa pembe, kaa juu ya meza miguu ining'inie, uone inaelekea wapi yenyewe, kliti ifuate hivyo. Paka grisi kwenye skrubu, tumia alenki (ule ufunguo wa pembe sita) namba 4, kaza kwa zamu huku na huku, Shimano wanasema nyutoni mita 5 hadi 6.

Kwa wa matundu matatu, rangi zina maana na zinachanganya. Kliti nyekundu ya Shimano haichezi kabisa, yaani kisigino hakiwezi kwenda pembeni ukiwa umeng'ata, bluu inacheza nyuzi 2 za pembe, njano 6. Kwa kliti za Look ziitwazo Keo, nyeusi haichezi, kijivu 4.5, nyekundu 9. Yaani nyekundu ya huku ndiyo iliyobana kuliko zote na ya kule ndiyo huru kuliko zote. Anza na njano au kijivu.

Hatua ya 7: Pedali na siku za mwanzo

Pedali ya kushoto inafungwa kinyume, ukiilazimisha kama ya kulia unaua nyuzi za kranki, ule mkono unaoshika pedali. Ukishafunga, legeza springi ya pedali kwa alenki namba 3 mpaka iwe nyepesi, egemea ukuta, ng'ata na utoe kwa kusukuma kisigino nje, rudia mpaka mguu ujue wenyewe. Anayeogopa kuanguka atafute kliti ya SPD ya Shimano iitwayo SH56 badala ya SH51, inaachia kwa upande zaidi ya mmoja. Kisha nenda uwanja wa majani, usianzie barabara yenye malori.

Ukirudi safari ya kwanza kaza skrubu tena, huwa zinalegea. Na kiangazi hiki changarawe ikijibana kwenye kliti ya matundu mawili usipige kiatu chini, weka kipande cha spoku kilichonolewa kwenye mfuko wa zana, ingiza pembeni ya kile kichuma, kokoa mchanga wote utoke, kisha ndiyo upande.