Kichiri cha ndengu kwa baridi ya Julai

Julai ikifika, baridi ya Nakuru huingia hadi magotini, na saladi na maziwa ya friji siyagusi. Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, hufundisha kwamba baridi na ukavu huzidisha vata, yaani nguvu ya upepo na mwendo, mwilini, na kinachoituliza ni chakula cha moto, kilichopikwa, chenye mafuta kiasi. Kwangu mimi hicho ni kichiri, ndengu na mchele vilivyopikwa pamoja.

Loweka kikombe kimoja cha ndengu usiku kucha. Pasha vijiko viwili vya samli, tia bizari nyembamba, na usibanduke hapo jikoni: punje zikianza kurukaruka na kunukia, weka tangawizi iliyopondwa na manjano papo hapo. Ukichelewa zitaungua, na sufuria nzima itakuwa chungu. Mimina ndengu na vikombe sita vya maji, ufunike. Zikipasuka, ongeza nusu kikombe cha mchele, vipande vya malenge na chumvi. Pika moto mdogo hadi kiwe kizito na laini.

Kula kichiri mchana, kingali moto. Ayurveda husema wakati huo ndipo tumbo husaga vizuri zaidi. Kiporo sikipendekezi. Watoto waongezee samli kidogo juu.